Chuma hakikubembelezi, wala kaboni haikuchapi

Juzi nimeambiwa tena, na safari hii na mtu ambaye hajakalia hata moja kati ya fremu mbili za baiskeli alizokuwa akichagua. "Chuma kinanyonya mtikisiko, kaboni inakupiga mifupa, sivyo?" Nikamjibu sivyo. Akacheka, akidhani natania.

Kazi yangu ni fremu. Nachomelea za chuma na natengeneza za kaboni zilizopasuka, na zote mbili zinanilisha, kwa hiyo sina upande wa kutetea. Ninachotetea ni masikio yangu, maana wimbo huu nimeusikia mpaka basi.

Tuanze na chuma chenyewe. Ukakamavu wa chuma, yaani jinsi kinavyokataa kupinda kabla hakijaharibika, ni gigapaskali 200 na kidogo. Hiyo ni kwa chuma chochote. Mabomba ya fremu yenye majina, kama Reynolds 531 iliyotoka mwaka 1935, Reynolds 853 iliyotoka 1995, Columbus ya bei ya kukutoa jasho, na bomba la maji lililoko nyuma ya nyumba: namba ni ile ile, tofauti zake hazifai hata kutajwa. Kinachotofautiana ni nguvu, yaani mzigo ambao bomba litabeba kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika. Chuma chenye nguvu zaidi kinamruhusu mjenzi kutumia bomba lenye ukuta mwembamba, milimita 0.5 katikati badala ya 0.9, na hapo uzito unashuka. Ila ukuta ukiwa mwembamba na kipenyo kikabaki pale pale, bomba linapinda kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana nikimsikia mtu akisema amenunua fremu ya chuma cha gharama kwa sababu ni "kakamavu zaidi", natamani kuzima jiko langu nikalale.

Ukitaka bomba kakamavu, ongeza kipenyo. Bomba kuu la chini kwenye fremu za zamani lilikuwa la milimita 28.6. Lipeleke hadi 31.8, ukuta ukiwa na unene ule ule: uzito wa bomba unaongezeka kama asilimia 11, ukakamavu unapanda kwa zaidi ya theluthi, kwa sababu unafuata kipenyo kipeo cha tatu, yaani kipenyo mara kipenyo mara kipenyo. Soma tena sentensi hiyo, halafu niambie kama bado unaamini jina la madini linatosha kukuambia fremu itakavyokwenda.

Kaboni ndiyo kabisa. Hakuna kitu kimoja kinachoitwa kaboni. Kuna nyuzi, kuna resini, yaani gundi inayozishika, na kuna aliyepanga tabaka. Bapa la nyuzi za kawaida zilizolala upande mmoja lina ukakamavu wa kama gigapaskali 130 ukilivuta kwa urefu wa nyuzi, na kama 10 tu ukilivuta kwa kukata nyuzi. Mpangaji akizungusha tabaka chache kwa digrii 45 badala ya kuzilaza kwa urefu, amepata fremu nyingine kutoka kwenye kalibu ile ile, yenye umbo lile lile na rangi ile ile. Kwa hiyo ukisema "kaboni ni kakamavu" hujasema lolote. Ipi? Upande gani? Ya nani?

Sasa mtikisiko, ambao ndio ulionileta hapa. Ning'iniza bomba tupu la chuma kwa uzi ulipige kwa bisibisi. Linalia kama kengele, na linaendelea kulia. Fanya hivyo kwa bomba la kaboni: linatoa kishindo kifupi na kunyamaza. Hiyo ndiyo kazi ya kunyonya mtetemo, na chuma hakiiwezi, kwa sababu kinachoingia ndani yake kinatoka karibu chote. Watu wamegeuza mambo kichwa chini miguu juu halafu wananikosoa mimi.

"Lakini mimi nimeendesha zote mbili na nimehisi tofauti!" Najua umehisi. Hujahisi ulichodhani. Fremu yako ya chuma ilikuwa na tairi za milimita 32 zenye upepo wa baa 4, rimu za spoki 36, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) nyembamba ya chuma iliyopinda mbele, na magurudumu yaliyoachana. Ile ya kaboni ya rafiki yako ilikuwa ya mbio, tairi 23 zimejazwa baa 8, kiti kigumu, usukani mnene. Umelinganisha tairi mbili ukazipa sifa fremu. Badilisha magurudumu kati ya baiskeli hizo, kama breki na gia zinaruhusu, uende tena kwenye barabara ile ile. Utarudi na maoni mengine.

Sababu si ngumu. Fremu ya kawaida ni pembetatu mbili zilizounganishwa, na pembetatu ikisukumwa kutoka juu haina pa kwenda. Tairi linadidimia milimita kadhaa kila linapokutana na shimo, nguzo ya kiti inapinda kidogo kuelekea nyuma, kiti chenyewe kinabonyea, usukani unabonyea, mikono yako inakunjika. Pembetatu za fremu zinachangia sehemu ndogo mno ya jumla hiyo. Ukitaka raha, punguza upepo, weka tairi pana, chagua nguzo ya kiti ya milimita 27.2 iliyochomoza ya kutosha badala ya mnene iliyofupishwa. Foku ndiyo sehemu ninayokubali kwamba inasikika mikononi, na hapo kuna kichekesho: baiskeli nyingi za chuma zinazouzwa sasa kwa jina la "raha ya chuma" zina foku ya kaboni. Mtu anashika usukani, anasikia upole unaotoka kwenye foku na tairi, anapiga bomba la juu kwa kiganja na kusema, "Ah, chuma bwana."

Kuna jaribio moja la miaka ya 1990 ambalo napenda kulitaja. Antonio Mondonico, mjenzi wa fremu wa Italia, alijenga fremu saba za vipimo sawa na rangi sawa kwa mabomba ya Columbus ya madaraja saba tofauti, kuanzia ya chini hadi ya juu kabisa, na mwendeshaji akapewa bila kuambiwa ipi ni ipi. Hakuweza kuzitofautisha kwa namna ya kutegemewa. Watu wa "mimi nasikia tofauti kati ya daraja hili na lile" hawalipendi jaribio hili. Ila nami nilipime kwa haki: zote saba zilikuwa za chuma, na mwendeshaji alikuwa mmoja. Halituambii lolote kuhusu chuma dhidi ya kaboni, na wanaolitumia kufunga mjadala huo wanalibebesha mzigo usio wake.

Hapa pia kuna jambo ambalo vitabu hulipita kimya. Kupinda kwa fremu kwa upande, unaposimama juu ya pedali kwenye mlima, kunasikika. Mimi nahisi, na hata watu wazito wasiojua lolote kuhusu fremu wanahisi. Wauzaji wanasema kunapoteza nguvu zako. Lakini chuma kinachopinda na kurudi kinarudisha karibu yote kilichopewa, ni kengele ile ile. Swali ni kama inarudishwa kwenye mnyororo au kwenye miguu yako iliyokwisha kuhama, na sijaona kipimo kilichonikinaisha upande wowote. Nina wateja wenye kasi wanaopenda fremu inayocheza chini yao, na wengine wenye kasi ile ile wanaoichukia. Nawajengea wanachotaka, basi.

Uzito nitaupita haraka. Fremu nzuri ya chuma ni kilo 1.6 hadi 2, ya kaboni ni kati ya gramu 700 na kilo 1 na ushei. Chukua tofauti ya kilo moja. Ukiwa na kilo 80 wewe na baiskeli, kwenye mlima mkali unaokuchukua saa nzima itakuokolea kama sekunde 40. Kama unashindana, sekunde 40 ni dunia nzima, nunua kaboni na usinisikilize zaidi. Na kama unashindana kwenye tambarare, sababu nzuri zaidi ya kaboni si uzito bali umbo: inafinyangwa ikakata upepo, mabomba ya duara hayawezi. Wengine wote, sekunde hizo unazipoteza ukifungua kitafunio. UCI yenyewe, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, imeweka kiwango cha chini cha kilo 6.8 kwa baiskeli nzima tangu mwaka 2000, na kaboni ya leo inakigusa bila kutoka jasho.

Uimara sasa, kwa sababu huko nako kuna ngano. "Chuma ni cha milele, kaboni inakufa ghafla." Mwaka 1986 Greg LeMond alishinda Tour de France juu ya fremu ya kaboni, kwa hiyo tuache kuongea kana kwamba kitu hiki kimeletwa jana. Na katika miaka hiyo ya 1990 jarida la Ujerumani liitwalo Tour lilipeleka fremu 12 za daraja la juu kwenye mashine inayozisukuma huku na huku kama miguu ya mwendeshaji mwenye nguvu. Zilizomaliza bila kupasuka zilikuwa za alumini na kaboni. Za chuma zilipasuka.

Mwanafunzi wa ufundi ataniambia chuma kina kikomo cha uchovu: mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, hakichoki hata ukirudiwa bila mwisho. Kweli. Lakini kikomo hicho ni cha bomba safi, na fremu si bomba safi. Ina maungio yaliyopata moto, ina pembe kali, ina mkwaruzo wa cheni, na ina kutu inayokula kutoka ndani. Ukuta ukiwa na milimita 0.5, kutu haina safari ndefu. Fremu za chuma zinazofika mezani kwangu zimepasuka mahali pale pale siku zote: mkono wa nyuma upande wa cheni karibu na kitovu cha pedali, pale ekseli ya nyuma inaposhikwa, au chini ya shingo. Bomba lenyewe katikati huwa zima kabisa.

Sifa ya kweli ya chuma ni nyingine. Kikipasuka, kwa kawaida kinapasuka polepole, kinalalamika, fremu inaanza kuyumba, unapata muda wa kushuka. Nimesema kwa kawaida. Na kikishapasuka, nakata bomba, naweka lingine. Mikono ya nyuma iliyokuwa imeachana milimita 126 naipanua hadi 130 kwa kuipinda tu, ipokee gurudumu lililokuja baadaye. Jaribu hilo kwa kaboni uone.

Kaboni haichoki upesi, ila inachukia kupigwa. Jiwe, nguzo ya geti, usukani uliozunguka ukagonga bomba la juu, fundi aliyeibana kwenye stendi kwa bomba la juu (naomba, naomba sana, banieni nguzo ya kiti). Rangi inaweza kuonyesha mkwaruzo mdogo huku ndani tabaka zimeachana. Mimi nagonga kwa sarafu nikisikiliza mahali sauti inapofifia, na kila mtu wa kazi hii anafanya hivyo, na wengi hawakwambii kwamba karibu na maungio, ambako ukuta unabadilika unene kila sentimita, sauti inabadilika hata fremu ikiwa mpya. Hapo sarafu inakuwa ramli. Nikishuku sehemu hizo nataka ultrasaundi, na hata ikishanionyesha tabaka zimeachana, kuamua kama doa la ukubwa wa ukucha lina hatari au halina ni uamuzi wa mtu, hauko kwenye jedwali lolote. Kwenye bomba la juu nitatengeneza: nasaga kwa mteremko, nalaza nyuzi mpya kwa mwelekeo wa zile za zamani, naipika. Kwenye foku sitengenezi. Foku yenye shaka inakatwa vipande viwili mbele ya mwenyewe ili asibadilishe mawazo akifika nyumbani.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakuwahi kukutana na waendesha baiskeli. Kwa kuwa lazima mchague, chagueni kwa mambo yenye uzito. Urefu na kimo cha fremu vinakutosha, au utaishia kuweka shingo fupi ya usukani na kulaumu mgongo? Tairi la milimita 32 linapita bila kugusa? Kitovu cha pedali kina hesi, au ni cha kusukumiza kwa nguvu kitakachoanza kulia mvua ya kwanza? Unasafiri na baiskeli ikitupwa juu ya magari, au inalala ndani? Majibu ya maswali hayo yakielekea kaboni, chukua kaboni. Yakielekea chuma, chukua chuma, toboa tundu la maji chini ya kitovu kama halipo, nyunyiza mafuta ya kuzuia kutu ndani ya mabomba.

Na yoyote utakayochukua, toa nguzo ya kiti mara moja moja. Ya alumini inaganda ndani ya chuma, na ndani ya kaboni inaganda vibaya zaidi. Kwenye chuma paka grisi. Kwenye kaboni paka ute wake maalumu wenye chembechembe, na ukaze kwa spana yenye kipimo, kwa namba iliyoandikwa pale pale kwenye kibanio, ambayo mara nyingi ni nyutoni-mita 5 na hakuna anayeisoma.