Je, wajua kwa nini Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, haina mto hata mmoja?

Dar es Salaam hupata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na ina mito ya Msimbazi, Mzinga na Kizinga. Moroni, mji mkuu wa Komoro ulioko Ngazija, hupata zaidi ya milimita 2,500. Miteremko ya magharibi ya mlima Karthala, juu ya mji huo huo, hupita milimita 5,000. Hata hivyo, ukikizunguka kisiwa chote cha Ngazija hutaona mto unaotiririka mwaka mzima, na ziwa linalojulikana zaidi, lile la kaskazini karibu na Bangoi-Kouni, ni la maji ya chumvi.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba visiwa jirani vya taifa hilo hilo, Mwali na Ndzuwani (wengine wetu tumezoea kuviita Moheli na Anzuani), vina mito. Bahari ni ile ile na kashkazi ni ile ile, ambayo huleta mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo jibu tulitafute ardhini.

Ngazija ndicho kisiwa kichanga kuliko vyote katika safu hiyo. Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, bado ni volkano hai. Aprili 1977 lava yake ilipita katika kijiji cha Singani, kusini magharibi, ikaendelea mpaka baharini. Chukua kipande cha lava changa ukiangalie kwa karibu: kimejaa vitundu kama mkate uliochacha, kwa sababu gesi ilikuwa ikitoka wakati mwamba unaganda. Kila mtiririko wa lava ukipoa hupasuka nyufa za wima, na juu na chini yake hubaki tabaka la mabonge yaliyovunjikavunjika. Mtiririko mwingine huja juu yake, kisha mwingine. Kisiwa kizima ni rundo la matabaka ya namna hiyo, na maji ya mvua hupenya humo kama yanavyopenya kwenye kokoto. Ikinyesha mvua kubwa sana, makorongo hubeba maji kwa saa chache, kisha hukauka.

Ndzuwani na Mwali ni wazee zaidi. Huko mwamba umeoza kwa muda mrefu mno na kugeuka udongo wa mfinyanzi unaoziba nyufa. Maji yakishindwa kuzama, hutafuta njia juu ya ardhi, na hapo ndipo mto unapozaliwa.

Sasa, maji yanayozama Ngazija yanakwenda wapi? Hayapotei. Yanashuka mpaka yakutane na maji ya bahari ambayo nayo yamejipenyeza chini ya kisiwa, halafu yanaelea juu yake. Lita 1 ya maji baridi (yaani yasiyo na chumvi) ina uzito wa kilo 1, ya bahari ina kilo 1.025 hivi. Tofauti hiyo ya gramu 25 katika kilo moja ndiyo inayoyabeba. Kwa hesabu hiyo, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huegemea juu ya mita 40 hivi za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Hifadhi hiyo huwa na umbo la dengu: nene katikati ya kisiwa, nyembamba pwani.

Tatizo ni kwamba lava ya Ngazija inapitisha maji kupita kiasi, hivyo maji baridi hayapandi juu, hukimbilia baharini. Bahari ikitoka, hilo huonekana pwani: vijito vidogo vinabubujika katikati ya mawe meusi, maji yake yana ladha ya chumvi kidogo. Visima vya pwani ni hivyo hivyo. Maji yanapojaa na kutoka baharini, kiwango cha kisima hupanda na kushuka nayo, na chumvi huchanganyika zaidi kila mara. Maji hayo hufaa kufulia na kuoshea vyombo. Kuyanywa ni shida.

Kwa nini basi wasichimbe juu, mbali na chumvi? Hapa watu wengi hukosea. Maji ya chini ya kisiwa hiki yako karibu na usawa wa bahari popote uendapo, isipokuwa pale yalipozuiwa na tabaka la majivu yaliyogandamana. Kijiji kilichoko mita 400 juu ya bahari kinahitaji kisima cha karibu mita 400, kwenye mwamba mgumu unaokula vichwa vya mashine ya kuchimbia, kisha pampu ya kuyainua maji kimo chote hicho kila siku. Moroni inahudumiwa na visima vya Vuvuni, kusini mwa mji, na umeme ukikatika, pampu husimama na mabomba hukauka.

Pampu nayo ina hatari yake. Ukivuta maji kwa nguvu mpaka kiwango kikashuka mita 1, mpaka wa chini kati ya maji baridi na ya chumvi huweza kupanda kuelekea kisimani kwa kipimo cha mita 40 zile zile. Kisima kikishaingiwa na chumvi, kupumzika wiki mbili hakutoshi kukiponya. Ndiyo maana visima vingi vinavyovutwa polepole ni bora kuliko kimoja chenye pampu kubwa, hata kama gharama ya mwanzo ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo kwa watu wengi wa Ngazija, mto ni paa la nyumba, na ziwa ni birika lililojengwa kando yake au chini ya baraza. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya Moroni ya milimita 2,500, hupokea lita 150,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia nje ya gata, kufurika na kukauka. Zinabaki lita 120,000. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji lita 43,800 kwa mwaka. Paa linatoa karibu mara tatu ya hitaji.

Kinachokosekana ni mahali pa kuyaweka. Kusi ikivuma, mvua hupungua, hasa upande wa mashariki na kaskazini, na mtu mwangalifu hujenga birika la kumtosha miezi mitano: lita 120 kwa siku mara siku 150 ni lita 18,000, yaani birika la mita 3 kwa 3, kina cha mita 2. Ukijenga nusu ya hapo utakuwa umeokoa saruji, lakini Agosti utanunua maji ya gari.

Katika ujenzi, makosa huanzia kwenye mchanga. Ngazija haina mito, hivyo haina mchanga wa mto, na fundi hushawishika kuchota wa ufukweni. Mchanga huo una chumvi. Chumvi hula nondo, nondo ikishika kutu huvimba, na ukuta hupasuka kutoka ndani. Isitoshe, ufukwe uliochotwa mchanga hauna tena cha kuikinga pwani na mawimbi, na fukwe kadhaa za Komoro zimeharibiwa hivyo. Lava iliyosagwa hufaa zaidi. Lipu ya ndani iwe saruji 1 kwa mchanga 3, ipigwe mara mbili, pembe ziviringwe badala ya kuachwa kali (nyufa hupenda pembe), kisha ilowanishwe kila siku kwa wiki nzima. Sakafu iinamie upande mmoja ili tope lijikusanye mahali pa kulichotea. Bomba la kutolea maji liwe sentimita 10 hivi juu ya sakafu, lisinyonye tope hilo.

Mvua ya kwanza ya msimu isiingizwe. Inabeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege cha miezi mingi. Kwa paa la mita za mraba 60, mwaga lita 60 hadi 120 za mwanzo, kisha ndipo urudishe bomba kwenye birika.

Na kuna uchafu ambao Dar es Salaam na Mombasa hawaujui: majivu ya volkano. Mwaka 2005 Karthala ulilipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na majivu yalishuka juu ya vijiji na juu ya Moroni yenyewe. Mabirika yaliyo wazi na yale yaliyounganishwa na paa yakaharibika, na ikabidi maelfu kwa maelfu ya watu watafutiwe maji ya kunywa. Majivu hubeba tindikali na floridi, na huharakisha kutu ya mabati. Dawa yake ni kuwahi: ng'oa bomba linaloingia birikani kabla mvua haijanyesha, funika mdomo, funga kitambaa puani, fagia paa majivu yakiwa makavu au yamenyunyiziwa maji kidogo tu. Yakilowa sana huwa mazito, huganda kama saruji mbichi na kuziba gata.

Adui wa tatu, mbu, ni mdogo kuliko wote. Mwaka 2004 homa ya chikungunya ililipuka Lamu, na mapema mwaka 2005 ikawa imefika Ngazija, ambako iliambukiza zaidi ya nusu ya wakazi. Mbu anayeieneza hupenda maji safi yaliyotulia katika madumu, mapipa na mabirika ya nyumbani. Mbu wa malaria naye Ngazija, kisiwa kisicho na vidimbwi vya mito, amejifunza kuzaliana katika mabirika na hata mabwawa ya kutawadhia misikitini. Kinga inayofanya kazi ni mfuniko unaoziba sawasawa, na wavu wa matundu yasiyozidi milimita 1 kwenye kila bomba la kuingizia na la kufurikia. Bomba la kufurikia ndilo husahaulika, na mbu haombi mlango mwingine. Baadhi ya watu wa visiwa hivyo hutia samaki wadogo wanaokula viluwiluwi.

Birika lina mwenyewe pia. Kwa mila ya Ngazija, nyumba hujengwa na upande wa binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Hivyo maji ya nyumba yamo katika mali ya mwanamke. Lakini mila hiyo haisawazishi mapaa. Familia yenye jamaa Ufaransa wanaotuma pesa hujenga nyumba ya zege yenye paa pana. Nyumba ndogo iliyoezekwa makuti haivuni maji ya kunyweka, na mvua ni ile ile kwa wote wawili. Hata mifugo imeingia katika hesabu hiyo: ng'ombe hukatiwa vigogo vya migomba, ambavyo sehemu kubwa yake ni maji, na hivyo hukata kiu yao humo.

Ni rahisi kudhani kwamba Ndzuwani, yenye udongo na mito, imesalimika. Siyo hivyo. Miteremko yake imekatwa misitu kwa ajili ya mashamba, mbao na kuni, zikiwemo kuni nyingi za kukenekea mafuta ya milangilangi, na mito mingi iliyokuwa haikauki sasa hukauka kiangazi. Bila mizizi na majani yaliyooza, mvua ya mchana mmoja hukimbilia baharini yote, mtoni na nje ya mto. Baada ya mvua kama hiyo bahari hubadilika rangi kwenye midomo ya mito. Wekundu ule ni udongo wa mfinyanzi wenyewe, uliokuwa ukiyazuia maji yasizame, na ukitulia hufunika matumbawe yaliyo mbele ya vijiji vya wavuvi.