Je, wajua kwa nini kamera ya joto haioni ndani ya paneli ya umeme iliyofungwa?

Wengi huamini kamera ya joto hupenya: unaielekeza kwenye mlango wa paneli, nayo inakuonyesha nati iliyolegea na kupata moto huko ndani. Haipenyi. Hupokea mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, inayotoka kwenye uso wa kitu kilicho mbele yake, basi. Ukipiga picha mlango wa chuma umepima mlango, sawa na anayegusa mfuniko wa sufuria akitaka kujua kama maji yamechemka. Mlango ukiwa wa moto, kuna jambo. Ukiwa baridi, hujajua lolote, maana kati yake na hiyo nati kuna hewa. Hata kioo cha kawaida huizuia mionzi hiyo. Ajabu ni kwamba mfuko mwembamba wa plastiki nyeusi, usiopitisha mwanga, huipitisha vizuri tu.

Kwa hiyo paneli hufunguliwa ikiwa na umeme na mzigo, yaani vifaa vikiwa vinautumia umeme huo, na hatari iko hapo. Kamera haigusi kitu, ila mkono unaotoa mfuniko hugusa. Skrubu moja ikidondoka inaweza kuleta shoti na kuwasha tao la umeme, yaani umeme unaoruka hewani, ambalo joto lake laweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke na kulipuka kabla mtu hajawahi kurudi nyuma. Ndiyo maana anayefungua ni fundi aliyefunzwa, amevaa nguo na kinga ya uso za kuhimili tao, na mwenye kamera husubiri mbali. Afadhali zaidi ni paneli yenye kidirisha maalumu cha ukaguzi kinachopitisha infraredi: mlango haufunguliwi kabisa.

Ikishafunguliwa, shaba inayong'aa nayo hudanganya. Hutoa mionzi kidogo sana na kuakisi ya vitu vingine, hivyo kipande kinachounguza huonekana baridi, na doa la moto laweza kuwa ni wewe mwenyewe. Sogea pembeni, doa likikufuata, ni kivuli chako cha joto. Pima penye tepu ya umeme au maganda ya waya, ambavyo hutoa mionzi vizuri, na tepu hiyo ibandikwe umeme ukiwa umezimwa.

Mzigo nao uangaliwe. Joto la kiungo kibovu hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiwa nusu, joto linalozalishwa hushuka hadi robo, na paneli mbovu ikapita ukaguzi wa Jumapili asubuhi bila doa.