Kabla hujamlaumu mtoto, chungulia ndani ya fidla

Natengeneza fidla na kuzifundisha hapa Nairobi, na wazazi wengi wanaoniletea chombo huanza kwa kulaumu mkono: mtoto hana kipaji, upinde haumtii. Mimi kwanza humulika tochi kwenye tundu lenye umbo la f. Mara nyingi nakuta kijiti kimelala chini.

Kijiti hicho ni cha sprusi, mti wa jamii ya misonobari, na unene wake ni kama milimita 6. Husimama kati ya ubao wa juu na wa nyuma bila gundi yoyote, kikishikiliwa na mbano tu. Sasa tazama daraja linalobeba nyuzi: lina miguu miwili. Mguu wa upande wa uzi mwembamba hukanyaga milimita chache mbele ya kijiti, kwa hiyo hautikisiki sana. Ule mwingine uko juu ya boriti ndefu iliyogundishwa chini ya ubao wa juu, na huo ndio unaocheza, ukipandisha na kushusha ubao hadi hewa isukumwe nje kupitia matundu. Kijiti kikianguka, mpangilio huo wote unavurugika na sauti inakuwa ya debe. Nikikisogeza nusu milimita tu, uzi mnene unaweza kupata kifua au kukosa pumzi.

Kwa hiyo ukibadilisha nyuzi, toa mmoja, funga mpya, ndipo uufikie wa pili. Ukizitoa zote nne kwa mpigo mbano unaisha, na kukirudisha kijiti kupitia lile tundu jembamba kunataka chuma kilichopinda kama herufi S na subira ambayo sina kila siku.

Hali ya hewa yetu nayo ina vituko. Januari na Februari mbao hunywea, vigingi vya kukazia nyuzi huteleza usiku, na asubuhi unakuta nyuzi zimelegea. Mvua ya Aprili ikishika, vigingi vilevile vinakwama. Gundi ya asili ya fidla, inayochemshwa kutoka ngozi za wanyama, huwekwa nyepesi kwa makusudi: mbao zikivutana, afadhali kiungo kiachie kuliko ubao upasuke. Kiungo kilichoachia ni kazi ndogo. Lakini niliwahi kuletewa fidla iliyozibwa kwa supaglu na fundi fulani mjini, na kuifungua ilibidi ning'oe na vipande vya ubao. Jamani, msifanye hivyo.

Umbo la fidla lilitulia kaskazini mwa Italia katika karne ya 16. Andrea Amati wa Cremona ni miongoni mwa mafundi wa mwanzo tunaojua kazi zao, na Antonio Stradivari, aliyefariki mwaka 1737, alifanyia kazi mji huohuo. Ila kusugua uzi kwa upinde ni jambo la zamani zaidi. Rababu ya Waarabu ni mmoja wa mababu wa fidla. Hata huku tuna orutu ya Wajaluo na wandindi ya Wakikuyu, zenye uzi mmoja na kava la ngozi. Ngozi ni nyepesi, haidai kijiti. Ubao wa karibu milimita 3 ndio uliohitaji ujanja huo.

Kijiti kikishasimama, sasa tuuzungumzie mkono. Singa za mkia wa farasi zilizopakwa rozini, yaani utomvu mkavu wa misonobari, huushika uzi, huuvuta kando, uzi huponyoka, kisha hunaswa tena. Uzi wa noti ya "la" hufanya hivyo mara 440 kwa sekunde. Karibu na daraja, vuta polepole kwa uzito. Ukisogea kuelekea shingoni, punguza uzito, ongeza kasi. Wanaoanza hubonyeza sana na kuvuta haraka mahali pasipofaa, ndipo inakwaruza.

Zoezi langu la kwanza ni uzi mmoja mtupu, upinde mzima kutoka kwenye mshiko hadi nchani, bila kidole cha kushoto, hadi sauti iache kuyumba njiani. Wazazi huniuliza wimbo utaanza lini. Nawaambia wiki ijayo, na wiki ijayo nawajibu hivyohivyo.