Nafasi na pengo: kalenda inakagua kipi?

"Mfumo umeshakagua, una nafasi Jumatano saa nane." Nimeambiwa hivyo tena wiki iliyopita, na aliyeniambia hakuwa na shaka hata chembe, maana jibu lilitoka kwenye kalenda yangu mwenyewe. Jumatano hiyo nilikuwa na kikao saa tatu hadi saa nne, simu ya saa nne na nusu, kisha kikao kingine saa sita hadi saa nane. Baada ya hapo kalenda ilikuwa nyeupe. Ndani ya weupe huo kulikuwa na ripoti ya kukabidhi saa kumi na majedwali matatu ambayo jumla zake zilikataa kulingana. Kalenda haikuwa na habari nayo.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Ukaguzi wa kalenda wa kiotomatiki ni pale kazi mpya inapoingia, kwa barua pepe, fomu au programu ya kugawia kazi, halafu programu inaamka bila kuguswa na mtu, inaiuliza kalenda ya mhusika ni vipindi gani vimeshachukuliwa, na kulinganisha. Vipindi viwili hugongana iwapo kila kimoja kinaanza kabla mwenzake hajaisha. Kikao kinachoisha saa nne kamili hakigongani na kinachoanza saa nne kamili. Baada ya hapo programu hupangia kazi saa, hupendekeza muda mwingine, au humtumia mtu ujumbe.

Kinachonikera ni neno "nafasi". Limetoka kwenye Kiarabu, nafas, yaani pumzi, na lina undugu wa mzizi mmoja na "nafsi". Kiswahili kimelipanua hadi likafaa chumba, ajira na bahati, lakini ile pumzi haijalitoka. Anayesema "sina nafasi" hasomi saa ya ukutani. Anakwambia kazi zimembana. Ndiyo maana tunasema kubanwa na kazi, na tukitoka humo tunapumzika, neno ambalo nalo limebeba pumzi. Mtu anaweza kuwa na saa tatu tupu na asiwe na nafasi. Anaweza pia kuwa na siku iliyojaa vikao na bado akakupa nafasi ya dakika kumi, kwa kuwa jambo lako ni jepesi kwake.

"Kalenda" nayo ina historia yake. Warumi waliiita siku ya kwanza ya mwezi kalendae, na kwa kuwa riba ililipwa siku hiyo, kalendarium likawa jina la daftari la madeni. Nadhani hapa ndipo pa kuanzia. Kalenda huandika tunachodaiwa na wengine. Mahali patupu humo panaonyesha kwamba hakuna aliyeandikisha deni la saa hiyo, basi. Hilo kwa Kiswahili ni pengo.

(Badala ya "nafasi", wako wanaokimbilia "upatikanaji". Dawa hupatikana, vipuri hupatikana. Mtu akipatikana, mara nyingi alikuwa amepotea.)

Waliotunga kanuni za kalenda za kompyuta wamekuwa waangalifu kuliko sisi tunaozizungumzia. Kanuni ya iCalendar, inayoeleza jinsi ya kuandika matukio ili programu tofauti za kalenda ziyasome, iliyotoka mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009, inaruhusu kila tukio liwekewe alama: ama linaziba muda, ama linapitisha kama kioo, yaani muda unabaki wazi. Lisipowekewa alama huhesabiwa kuwa linaziba. Lakini baadhi ya programu za kalenda zenyewe huliwekea tukio la siku nzima alama ya kioo, kwa hiyo mtu anaandika "safarini" kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na mkaguzi, yaani programu ya ukaguzi, anaziona siku zote tano ziko wazi. Majibu nayo yana ngazi: muda ulio wazi, uliochukuliwa, uliochukuliwa kwa muda tu hadi uthibitishwe, na ule ambao mtu hashikiki kabisa. Mwaka 2016 kikaongezwa kiendelezo cha kumwezesha mtu kutangaza saa anazokubali kupangiwa shughuli. Wengi wetu, nadhani, mwaka mzima hatutumii hata nusu ya alama hizo.

Kisha kuna hili, ambalo ningependa kila anayejenga mfumo wa aina hii alijue. Itifaki ya CalDAV ya mwaka 2007, yaani utaratibu wa programu kuzungumza na seva inayotunza kalenda, ambayo seva nyingi hujibia maswali ya muda uliochukuliwa, inaelekeza kuhesabu matukio. Kazi zilizoorodheshwa kama "za kufanya", hata zikiwa na siku ya mwisho, hazihesabiwi. Kwa hiyo kazi inaingia asubuhi, mfumo unaona pengo la saa nane, unaikubali na kuiandika kwenye orodha. Mchana inaingia nyingine, inaona pengo lilelile la saa nane, nayo inakubaliwa. Kila ukaguzi umefanywa sawasawa, na mtu amekwisha. Kazi ikiandikwa kalendani kama tukio, pengo huonekana limechukuliwa, lakini zikiingia mbili kwa sekunde moja hata hilo halitoshi. Inabidi moja isubiri hadi ya kwanza imalize kuandikwa.

Kikao kina mwanzo na mwisho, kwa hiyo ni rahisi kukitafutia pengo. Kazi huja na siku ya mwisho tu, na saa itakazokula anazijua mtendaji, tena kwa kukadiria. Mfumo usipopewa makadirio hayo huweka nusu saa, au saa moja, au chochote alichoandika aliyeujenga.

Sisemi mkaguzi aondolewe. Wangu ananiokolea barua pepe nyingi, hasa tangu nilipoanza kuiandika ripoti kama tukio lenye saa zake. Naomba tu aliyeniambia lile neno, na tutaongea tena Jumatatu, aseme "kalenda yako ina pengo saa nane," kisha aniulize kama nina nafasi.