Kava halili rangi ya gari

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya wenye magari hapa Tabora: eti kava linakula rangi, bora gari lilale wazi. Si kweli, ingawa kinachowachanganya watu kipo.

Kinachochubua ni vumbi. Kiangazi, gari likitoka barabara ya vumbi likafunikwa bila kuoshwa, upepo unapepesa kava na mchanga ule unasugua bodi kama msasa. Mwenyewe akifunua na kukuta mikwaruzo, lawama zote kwa kava. La nailoni lisilopitisha hewa nalo hufungia unyevu msimu wa mvua, rangi ikatoka madoa. Hilo kweli liepuke.

Lakini gari la wazi linapigwa na jua, ambalo hufubaza rangi, na chini ya miembe yetu kuna utomvu na kinyesi cha ndege.

Hakiki mwenyewe. Pitisha kidole kwenye boneti. Kikitoka na vumbi, osha na ukaushe kabla ya kufunika. Kava lenyewe lipulizie kwa mdomo uone kama hewa inapita, kisha lifunge lisipepee. Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.