Promota si mmiliki

Tangu sakata la uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta mwaka 2024, vyombo vyetu vya habari vimezoea kumwita Gautam Adani, bilionea wa India, "mmiliki wa Adani". Akitajwa Sunil Mittal, yeye ni "mwenye Airtel". Sheria ya India haiwaiti hivyo. Inawaita promota, na anayebadilisha neno hilo kuwa "mmiliki" anafuta jambo lenyewe ambalo sheria ilitaka tulione.

Maana ni fupi. Kwa kifungu cha 2(69) cha Sheria ya Makampuni ya India ya mwaka 2013, promota ni mtu aliyetajwa hivyo katika waraka wa matarajio (ule unaotolewa hisa zinapouzwa kwa umma) au katika taarifa ya mwaka ya kampuni. Au mwenye udhibiti wa mambo ya kampuni, yeye mwenyewe au kupitia wengine, awe mwanahisa, mkurugenzi au vinginevyo. Au yule ambaye bodi imezoea kufuata ushauri na maagizo yake. Wakili au mhasibu anayeshauri kwa taaluma yake hahesabiwi. Basi. Kiwango cha hisa hakimo. Mtu anaweza kuwa promota bila kushika hata hisa moja kwa jina lake, na mwingine akashika asilimia 15 asiwe promota.

Wanaojua historia kidogo husema promota ni mwanzilishi. Hilo lilikuwa kweli Uingereza ya karne ya 19. Katika kesi ya Twycross dhidi ya Grant, mwaka 1877, Jaji Mkuu Cockburn alimweleza promota kuwa ni yule anayejitwika kazi ya kuunda kampuni kwa ajili ya mradi fulani na kuisukuma hadi ianze. Huyo anafanana na promota wetu wa ngumi: anatafuta ukumbi, anauza tiketi, pambano likiisha anakwenda zake. Wakurugenzi wakishashika usukani, hana kazi tena.

Promota wa India hakwenda zake. Ukitaka kujua kwa nini, rudi kwenye nyumba za biashara za Kalkuta na Bombay wakati wa ukoloni, za Waingereza kama Andrew Yule na za Wahindi kama Tata na Birla. Nyumba hizi zilianzisha kampuni za chai, juti, makaa ya mawe na nguo, zikauza sehemu kubwa ya hisa kwa watu wengine, kisha zikasaini mkataba wa kuziendesha kampuni hizo kwa malipo. Ziliitwa wakala wasimamizi. Nyumba moja iliweza kutawala kampuni nyingi kwa fungu dogo tu la hisa, kwa sababu mamlaka yalitoka kwenye mkataba. Serikali ilipiga marufuku utaratibu huo kuanzia tarehe 3 Aprili 1970. Mikataba ilikufa, familia zikabaki, na mahali pa mkataba wakaweka kampuni moja inayoshika hisa za nyingine inayoshika za nyingine. Kwa maoni yangu sheria ya leo inamkimbiza mtu yuleyule: anayeendesha mali ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wengine.

Satyam ndiyo kesi ya kumwonyesha yeyote anayebisha. Desemba 2008 bodi ya kampuni hiyo ya kompyuta ya Hyderabad ilikubali kununua kampuni mbili zenye uhusiano na familia ya B. Ramalinga Raju, mwenyekiti wake. Wanahisa waliwaka, mpango ukaondolewa haraka. Tarehe 7 Januari 2009 Raju alikiri kwa barua kwamba vitabu vya hesabu vilipikwa kwa miaka. Wakati huo familia yake ilishika chini ya asilimia 10 ya hisa, na hizo nazo zilikuwa zimewekwa rehani kwa wakopeshaji. Ukimwita "mmiliki", msomaji atadhani aliiba vyake. Mwezi huohuo SEBI, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, iliagiza kila promota atangaze hisa zake zilizo rehani. Agizo lilimlenga promota peke yake kwa kuwa wanahisa wengine hawana uwezo wa kuiongoza kampuni huku mkopeshaji amewashika shingoni.

Kuna mizigo mingine inayofuata jina hilo. Promota na kundi lake hawaruhusiwi kuzidi asilimia 75 ya hisa za kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa. Robo lazima iwe mikononi mwa umma. Akikosea waraka wa matarajio, wawekezaji wanaweza kumdai binafsi. Tangu Novemba 2017, kampuni ikishindwa kulipa mikopo ikafikishwa kwenye taratibu za ufilisi, promota ambaye mkopo wake umechacha kwa mwaka mmoja hawezi kujitokeza kuinunua tena kwa bei ya kutupa. Akina Ruia wa Essar, ambao Mombasa inawakumbuka kwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, walijaribu sana kuibakiza Essar Steel. Desemba 2019 ilikwenda kwa ArcelorMittal na Nippon Steel.

Halafu kuna "kundi la promota", ambalo huwachanganya hata wanasheria wetu. Kanuni za SEBI zinaingiza mume au mke wa promota, wazazi, ndugu na watoto wake, na vilevile wazazi, ndugu na watoto wa mwenzi wake. Kwa hiyo mama mkwe yumo, shemeji yumo, lakini binamu na mjomba hawamo. (Ukoo wa Kiafrika usingekubali orodha fupi hivyo.) Mwaka 2023, baada ya kampuni ya Hindenburg ya Marekani kudai mambo mengi juu ya kundi la Adani, madai ambayo kundi liliyakana, watu waliuliza Vinod Adani, kaka yake Gautam anayeishi Dubai, ana nafasi gani. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hana cheo wala kazi ya kila siku katika kampuni zilizoorodheshwa. Machi mwaka huohuo kundi likasema yumo katika kundi la promota. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja. Anayefikiri kwa neno "mmiliki" hawezi kuelewa vipi.

Siku hizi wengine wanalikimbia jina lenyewe. Zomato, kampuni ya kupeleka chakula, iliingia sokoni Julai 2021 ikieleza kwamba haina promota. Kampuni kubwa za ITC na Larsen & Toubro hazina. Benki ya HDFC ilibaki bila promota Julai 2023, pale HDFC Limited, iliyokuwa promota wake, ilipounganishwa nayo. Kwa Paytm, kampuni ya malipo kwa simu, mambo hayakuwa mepesi. Kabla ya kuuza hisa kwa umma mwaka 2021, mwanzilishi wake Vijay Shekhar Sharma alihamishia sehemu ya hisa zake kwenye amana ya familia, akashuka chini ya asilimia 10, na hakuorodheshwa kama promota. Promota haruhusiwi kupewa hisa za motisha za wafanyakazi, yeye alipewa. SEBI ikahoji. Mwaka 2025 aliziachia hisa hizo, milioni 21. Mwanzilishi ni yeye, hakuna anayebisha. Swali la SEBI lilikuwa jingine kabisa: je, ni promota?

SEBI yenyewe ilikubali kimsingi mwaka 2021 kuhamia kwenye "mtu mwenye udhibiti", ingawa promota bado yumo kwenye kanuni. Kwa Kiswahili "mdhibiti" lingefaa, ila litachanganywa na mamlaka za serikali. Basi wahariri, andikeni promota, mwongeze sentensi moja ya kueleza, na mtaje asilimia anayoshika na kiasi kilicho rehani. Takwimu hizo hutangazwa kwenye masoko ya hisa ya India kila robo mwaka. "Mmiliki" liwekeni kwa kampuni ambayo mtu mmoja anashika hisa zote, au karibu zote. Adani Enterprises na Bharti Airtel zina wanahisa wengi mno kuitwa za mtu mmoja.