Programu ya kupima muda haioni daftari

Kikundi chetu cha kujifunza kuandika programu hukutana Busia, upande wa Uganda, kila Jumamosi. Tuko watu tisa na laptopu tano. Wengi wana shughuli zao mpakani: kubadilisha fedha, kuwajazia madereva wa malori fomu za forodha, kuuza vocha. Wengine kwao ni Kisamia, wengine Kiteso, wengine Kiganda, kwa hiyo somo tunaliendesha kwa Kiswahili. Lugha ya kompyuta tunayojifunza ni Python.

Miezi michache iliyopita niliwashauri waweke ActivityWatch, programu ya kupima muda unaoutumia kwenye kompyuta. Ni programu huria, haina malipo, na rekodi zake hubaki ndani ya laptopu yenyewe, hivyo hailambi bando. Sehemu yake moja huandika ni dirisha gani liko mbele na kwa muda gani. Nyingine huangalia kama kibodi na kipanya vinaguswa. Usipogusa chochote kwa dakika 3, inakuhesabu umeondoka.

Dakika hizo 3 ndizo nataka kuzizungumzia.

Dada mmoja anayebadilisha fedha alitaka programu ya kugeuza shilingi za Kenya kuwa za Uganda, kwa kiwango cha 28. Aliandika mistari miwili:

kiasi = input("Shilingi za Kenya: ")
print(kiasi * 28)

Akaingiza 500, akitarajia 14000. Skrini ikamtolea 500500500500 na kuendelea, tarakimu 84 zimepangana kama malori ya Malaba. "Mwalimu, mia tano yangu imezaa!" Hapakuwa na ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwa Python hakuna kosa. Amri ya input hurudisha maandishi hata kama umeandika tarakimu tupu, na maandishi ukiyazidisha kwa 28 yanarudiwa mara 28.

Sikumwambia. Alivuta daftari, akanakili kila mstari kwa kalamu, na chini yake akaandika kilichomo ndani ya kiasi. Alikaa hapo dakika ishirini na ushee. Mwishowe akaizungushia 500 alama za kunukuu, ambazo kwa Python huonyesha maandishi, akaitazama, akasema taratibu, "Kumbe hii si namba." Akaweka int, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, mbele ya input, akafunga mabano, ikatoka 14000.

Jioni tulipofungua rekodi, dakika zile zote zilionekana kama hakuwepo. Jirani yake alikuwa na mstari mrefu usiokatika, kibodi inalia tangu asubuhi. Alikuwa akinakili msimbo kutoka kwenye video. Nilipomwomba anieleze mstari wa tatu unafanya nini, alinyamaza.

Sisemi kipimo hakina faida. Kinaonyesha vizuri sana mahali unaporukaruka: dakika nne kwenye msimbo, WhatsApp, dakika mbili, WhatsApp tena. Mtu akiyaona hayo mwenyewe, habishi. Ila ni lazima ayaone mwenyewe. Rekodi hizo zina hadi kichwa cha barua pepe uliyofungua, na mimi napinga kabisa kiongozi wa kikundi kuwadai watu wamkabidhi. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, na ridhaa ya mwenye taarifa ni msingi wake mmojawapo. Kwetu anayetaka kunionyesha ananionyesha, asiyetaka simuulizi.

Kwa kuwa laptopu hazitoshi, wengi hukaa wawili wawili: dereva na tanboi, kama kwenye lori. Dereva anashika kibodi. Tanboi haigusi, anasoma njia, anauliza "hiyo kiasi sasa hivi ina nini?", anaona shimo kabla gurudumu halijaingia. Baada ya dakika 25 wanabadilishana. Hapo rekodi inavurugika kabisa, maana laptopu haijui ni nani kakaa mbele yake, na tanboi, ambaye mara nyingi ndiye anayefikiri zaidi, hana hata dakika moja kwa jina lake.

Kikomo cha dakika 3 kinaweza kuongezwa kwenye mipangilio. Tulijadili, tukakiacha kilivyo. Nikiona pengo refu kwa mtu aliyekubali nitazame rekodi yake, namwomba ukurasa wa daftari wa saa ileile.